Kengele Aliyopewa Atuganile

Nyumbani alimwita Baba, shuleni alimwita Mwalimu. Sheria hiyo Apolonia aliwekewa siku alipoingia darasa la kwanza, na aliyeiweka alikuwa baba mwenyewe, Mwalimu Tadeo, mkuu wa shule ndogo ya misheni iliyokuwa juu ya kilima upande wa Igowole, Mufindi. Kati ya nyumba yao na madarasa palikuwa na uwanja wa kuchezea na safu ya mikaratusi, basi. Lakini kila asubuhi Apolonia alipouvuka uwanja ule alikuwa kama mtu anayevuka mpaka wa nchi. Upande wa huku alikuwa kitinda mimba wa Tadeo, anayemenyewa kiazi cha moto na baba yake. Upande wa kule alikuwa mwanafunzi kama wengine, tena pengine chini ya wengine, maana wenzake wakikosa jibu waliambiwa "jaribu tena," yeye akikosa aliambiwa "kaa chini."

Hayo aliyavumilia. Alijua baba yake hataki isemwe kwamba mtoto wa mwalimu anapendelewa, na moyoni aliona fahari kidogo kuwa mtoto wa mtu mgumu namna ile. Kilichomshinda kuvumilia ni Atuganile.

Atuganile alikuja mwaka 1950. Baba yake, mzee Andendekisye, alikuwa amefanya kazi ya chai kwao Tukuyu, na mashamba ya Mufindi yalipohitaji watu wanaoijua kazi hiyo, akachukua mke na watoto akaja nao kuishi kambini. Msichana alikuwa mrefu, kimya, miguu mitupu iliyopasuka kwa baridi. Kihehe alikitamka kama mtu anayekanyaga miiba, na watoto wakamcheka. Wala hakuwa Mkatoliki. Kwao walikuwa Wamoraviani, hivyo wakati wa rozari alikaa tu ameweka mikono mapajani, akitazama dirishani. Apolonia alimwonea huruma. Wiki ya kwanza alimkatia nusu ya kiazi chake. Huruma ni rahisi kwa mtu asiye na kitu unachokitaka.

Kengele ya shule ilikuwa rimu kuukuu ya lori, imening'inizwa kwa mnyororo kwenye mkaratusi wa mwisho, na iligongwa kwa kipande cha nondo. Aliyekuwa akiigonga, Joachim, alimaliza darasa la nne akaenda zake. Darasa zima lilijua nani atapewa. Apolonia mwenyewe ndiye aliyewaambia. Alikuwa wa kwanza katika hesabu, wa kwanza katika kusoma, na nyumba yao ilikuwa hatua chache kutoka kwenye mti. Jioni alijizoeza kwa mwiko juu ya sufuria la mama yake mpaka mama, Evarista, akamnyang'anya mwiko.

Jumatatu Mwalimu Tadeo aliingia na nondo mkononi. Apolonia akakaa wima, mikono juu ya dawati. Baba yake akaja upande wake, akafika, akapita. Alipita karibu hata koti lake likamgusa begani. Akaenda mpaka dawati la nyuma.

"Atuganile, simama. Saa moja na nusu, kila siku ya shule. Nitakuachia saa yangu uwe unaitazama. Ikichelewa nitakuuliza wewe, sitamuuliza mtu mwingine. Umesikia?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Apolonia alihisi masikio yake yanawaka. Alisikia mtu nyuma akicheka puani.

Jioni ile hakula. Mama akamwambia, "Mimi sina shule. Muulize baba yako." Akamwendea baba, aliyekuwa akinoa jembe nje.

"Baba, kwa nini hukunipa mimi kengele?"

"Kengele ni jambo la shule. La shule niulize shuleni."

Kesho yake katikati ya somo la hesabu akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa nini hukunipa mimi kengele?"

Mwalimu Tadeo akamtazama juu ya miwani. "Hiyo si hesabu. Kaa chini."

Ndipo wivu ulipoingia, nao haukuja kama mgeni wa siku moja. Ulitandika mkeka ukalala. Ile saa aliyoisema baba ilikuwa ya mnyororo, zawadi ya padre mmoja aliyekwisha rudi Ulaya, na Apolonia hakuwahi kuruhusiwa hata kuifuta vumbi. Sasa kila asubuhi aliiona katika kiganja cha Atuganile. Msichana yule alitoka kambini kabla ya jua, akatembea katikati ya chai iliyojaa umande, akafika sketi imelowa mpaka magotini. Mama Evarista alimwona akitetemeka chini ya mti, akamwita jikoni, akampa kikombe cha uji na kumkalisha kwenye kigoda karibu na moto. Kigoda chenyewe kilikuwa cha Apolonia.

"Mama, hicho ni changu."

"Mtoto wa watu ametoka mbali. Wewe umetoka wapi? Kitandani."

Atuganile alisimama haraka akataka kukiacha. "Ndaga, mama, nitasimama," akasema, akishukuru kwa lugha ya kwao. Mama akamkandamiza bega akae. Apolonia alikunywa uji wake amesimama mlangoni.

Akaanza maneno. Aliwaambia wenzake kwamba mgonga kengele ni mtumishi tu, na kwamba nguo za watu wa kambini zinanuka moshi. Watoto wakacheka, Atuganile akasikia, hakujibu. Laiti angejibu! Apolonia alitaka ajibu, agombane, akosee, achelewe hata siku moja. Lakini kengele ililia saa moja na nusu, mvua inyeshe isinyeshe. Na siku za ukungu, ule ukungu wa Mufindi unaopanda kutoka mabondeni mpaka mtu haoni mkono wake mwenyewe, ilikuwa ikilia kwa muda mrefu kupita kiasi, polepole, ngaa, kisha kimya, kisha ngaa. Apolonia alikaa jikoni akiisikia na kuwaza: anajionyesha. Anataka kila mtu ajue kwamba ni yeye.

Mwisho akamshitaki kwa Mungu. Alifanya novena kamili, sala ya siku tisa, kwa siri, akiomba Atuganile augue. Si ugonjwa wa kufa, alimfafanulia Mungu. Homa tu, ya wiki moja au mbili.

Mwezi wa sita mzee Andendekisye alikuja shuleni amevua kofia. Mke wake alikuwa amejifungua na hali yake si nzuri. Damu ilikuwa nyingi mno. Binti itabidi abaki nyumbani na wadogo zake mpaka mama apate nguvu. Apolonia aliposikia hayo alianza kuhesabu siku tangu novena yake. Aliyeombewa homa ni mwingine, aliyepatwa ni mwingine. Je, Mungu alikuwa amekosea mtu, au alikuwa amemwelewa vizuri sana?

Hofu hiyo ilidumu mpaka Mwalimu Tadeo alipoingia darasani na nondo. Safari hii alisimama mbele kwa muda, akiwapitishia macho mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta mwingine yeyote.

"Apolonia. Mpaka mwenzako arudi."

Alimpa na saa. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na ya moto kwa joto la mfuko wa baba yake.

Siku zile za kwanza hapakuwa na mtu mwenye furaha kama yake Mufindi nzima. Anga ilikuwa safi, jua la baridi, na aligonga kwa mbwembwe, mapigo ya kuruka na kucheza mpaka wadogo wakawa wanakimbia wakirukaruka kwa kuyafuata. Akawaambia wenzake, "Mmesikia tofauti?" Wakasema wamesikia. Akalala usiku ameiweka saa chini ya mto, akiomba mama yake Atuganile apone, lakini asiharakishe.

Kisha ukungu ukaja. Aliamka akakuta dunia imefutwa. Mikaratusi haikuwapo, uwanja haukuwapo. Alipapasa mpaka kwenye mti, akaitazama saa karibu na pua, na ilipofika saa moja na nusu kamili akagonga mapigo yake yote, vizuri, bila kukosea. Akaitundika nondo. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na jikoni moto ulikuwa unawaka. Alikaa kwenye kigoda chake. Uji ulikuwa na maziwa siku ile.

Darasani wote walioitwa majina waliitika, ila Imakulata na mdogo wake Philbert. Hao walikuwa wajukuu wa mzee Kalinga, ng'ambo ya bonde. Msichana wa miaka minane, na mvulana aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Mwalimu Tadeo alisimama kidogo kwenye majina yao, akatazama dirishani, kisha akaendelea. Watoto wa ng'ambo walikosa mara nyingi siku za baridi.

Wakati wa mapumziko mzee Kalinga mwenyewe alitokeza katika ukungu, suruali imelowa, mkononi ana kikoti kidogo cha sufu.

"Kamwene, Mwalimu. Philbert ameacha koti lake. Nimeona nimletee."

Mwalimu hakujibu salamu. "Mzee, watoto hawajafika."

Koti lilishuka polepole mpaka likagusa majani. "Walitoka kengele ilipoanza," mzee akasema. "Nikasikia inalia kidogo, ikanyamaza. Nikasema moyoni, leo mbona hawaiti?"

Apolonia alikuwa amesimama pale pale, na ndipo alipoyasikia yale ambayo bonde zima lilikuwa likiyajua isipokuwa yeye. Njia ya kutoka kwa mzee Kalinga ilishuka mpaka kwenye vinyungu, zile bustani za bondeni zenye matuta na mitaro ya maji, na huko chini ikagawanyika vinjia kama vidole. Mchana mweupe mtoto huona paa la shule juu. Siku ya ukungu hana cha kuona, hufuata sauti. Tangu Atuganile ashike kengele, siku za ukungu alikuwa akigonga moja moja, bila kuacha, mpaka mtoto wa mwisho wa ng'ambo atokeze kichwa juu ya ukingo. Ndiyo maana ililia muda mrefu. Ndiyo ile "anajionyesha."

Mwalimu Tadeo aliwatoa wavulana wakubwa na wanaume waliokuwa karibu, wakashuka wakiitana ili wasipoteane. Kabla hajamezwa na ukungu aligeuka.

"Apolonia! Gonga. Usiache mpaka nikwambie mimi."

Akagonga. Mapigo yale ya kucheza yalikuwa yamemtoka mkononi. Aligonga moja, akasikiliza, akasikia majina yakiitwa mbali chini, akagonga tena. Ngozi ya kiganja ilichubuka, nondo ikaanza kuteleza. Mama yake alikuja akamfunga kitambaa kiganjani. Na hata pale, hata katikati ya hofu ile, wivu haukumwacha. Ulikuwa umegeuka sura tu. Alimwonea Atuganile wivu kwa kujua. Nani alimwambia? Mgeni, mtu wa kambini, asiyejua hata kusalimia vizuri, alijua njia wanayopita watoto wa Wahehe. Angekuwa yeye hapa chini ya mti, Philbert sasa hivi angekuwa ndani anaandika herufi. Wazo hilo lilimchoma kuliko kiganja.

Ukungu ulipoanza kupasuka, mzee Kalinga alipanda ukingo amembeba Philbert mgongoni. Nyuma yake Mwalimu Tadeo alimshika mkono Imakulata, mweusi kwa matope mpaka kifuani. Walikuwa wameingia kinjia cha kushoto, wakateleza kwenye mtaro wa maji, na dada akakaa muda wote ule amemshika mdogo wake ukosi asizame. Mtoto hakuwa akilia. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

Walimkausha Philbert jikoni kwa Mama Evarista, wakamvika nguo za Apolonia. Alasiri akapata homa ya kifua, na lori la chai likampeleka zahanati ya misheni, ambako alilala siku nyingi. Hakufa. Lakini siku ile hakuna aliyejua kwamba hatakufa.

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama, Mwalimu Tadeo alimwambia binti yake, "Vaa kitenge. Tunakwenda ng'ambo."

Apolonia alitarajia kuchapwa fimbo, na angeishukuru. Walishuka bondeni. Alipita kwenye vinyungu ambavyo alikuwa akivitazama toka juu maisha yake yote, akaona mtaro wenyewe, na alama za mikono midogo kwenye udongo wa ukingoni. Walipofika kwenye ua wa mianzi wa mzee Kalinga, baba yake akasimama.

"Mimi naishia hapa."

"Baba?"

"Kengele nilikupa wewe. Ingia."

Ndani mzee Kalinga na mkewe walikuwa wameketi motoni, Imakulata amelala kati yao. Kikombe cha ulanzi, pombe ya mianzi, kilikuwa sakafuni, hakijaguswa. Apolonia alipiga goti akasalimia.

"Nimekuja kusema... mimi ndiye niliyekuwa na kengele."

"Najua," mzee akasema. "Niliisikia ilivyonyamaza."

Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo lilikuwa baya zaidi. Bibi alikitazama kile kitambaa cha mkononi mwake, akatazama moto.

"Kesho Imakulata atakuja peke yake," bibi akasema. "Utamgongea?"

Apolonia hakuwa amefikiri kwamba kutakuwa na kesho. Alidhani nondo imekwisha ondoka mikononi mwake, na katika aibu yote ile hilo lilikuwa faraja moja. Akageuka mlangoni. Baba yake alikuwa amesimama kwenye ua, amewapa mgongo, kama mtu ambaye hakuja na mtu.

"Nitamgongea, bibi."

Njiani, walipofika kwenye mitaro, akasema, "Baba, mpe mtu mwingine. Tafadhali."

"Kengele ni yako mpaka mwenzako arudi."

"Sikujua! Hukuniambia."

"Sikukuambia," Mwalimu Tadeo akakubali. Alikuwa anatembea mbele, na maneno yalimrudia binti juu ya bega. "Nilikuwa namwona Atuganile siku za ukungu, nikajua anafanya nini. Nilipaswa kukuambia, nikakaa kimya, nikitaka kuona kama na wewe utaona. Kosa la kutokuambia ni langu, nami nitalijibu kwa mzee Kalinga. Kosa la kutouliza ni lako."

"Na yeye, nani alimwambia?"

"Hakuna. Mimi nilimwambia saa moja na nusu tu. Hayo mengine aliyaona mwenyewe."

Wakapanda kidogo. Kwa sababu walikuwa bondeni, si nyumbani wala shuleni, Apolonia aliona anaweza kuuliza tena lile swali la zamani. Kwa nini hakumpa tangu mwanzo?

Baba alipunguza mwendo. "Wewe ulikuwa unaitaka sana. Yeye alikuwa anawahi tu." Halafu, baada ya hatua kadhaa, "Na wewe ni mwanangu. Niliogopa watu watasema nini. Hilo nalo si la kujisifia."

Asubuhi ukungu ulikuwa pale pale. Apolonia aligonga kwa mkono wa kushoto, moja moja, bila kukalia kigoda wala kunywa uji, mpaka kichwa cha Imakulata kilipotokeza juu ya ukingo, kimevishwa kitambaa chekundu cha bibi yake. Msichana alimpita bila kumtazama. Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku hiyo na nyingine nyingi. Philbert aliporudi kutoka zahanati, alikuwa amekonda na anakohoa, na Apolonia akawa, baada ya kugonga, anashuka nusu ya njia kumpokea. Hakuna aliyemwambia ashuke. Lakini hakuwa mtakatifu. Akishuka alikuwa akijiuliza kama baba yake anaona kutoka dirishani.

Atuganile alirudi mwezi wa nane. Mama yake alikuwa amepona, na yeye alikuwa amekonda kama aliyejifungua yeye. Apolonia alimkuta asubuhi chini ya mti anangoja, akajua inabidi ampe nondo. Na hapo akagundua kitu cha kutisha: hakutaka. Zamani aliitaka kengele kwa kuonwa. Sasa aliijua, alijua nani anachelewa na kwa nini, alijua upepo ukitoka kusini sauti haifiki ng'ambo na inabidi kugonga kwa nguvu zaidi. Ilikuwa yake. Wivu wa safari hii ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza.

"Mbona hukuniambia?" akamwuliza, nondo bado mkononi.

"Nikuambie nini?"

"Kwamba bondeni kuna watoto."

Atuganile alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nilidhani unajua. Wewe ndiye mwenyeji."

Apolonia akampa nondo, akampa na saa. Akaenda nyuma ya darasa akalia mpaka majina yakaitwa.

Mwisho wa mwaka uliofuata wote wawili walimaliza darasa la nne. Mkataba wa mzee Andendekisye uliisha vilevile, na familia ikapanga kurudi upande wa Mbeya. Siku ya kuondoka, Mwalimu Tadeo aliwasindikiza mpaka kwenye lori. Apolonia alisimama kando, akamwona baba yake anainama kumwambia Atuganile neno sikioni, na msichana yule ambaye hakuwahi kulia hata alipochekwa, akafuta macho kwa kiganja.

"Ulimwambia nini, Baba?"

"Nilimwambia yeye," baba akasema, na hakusema zaidi, si siku ile, si baadaye.

Apolonia alikwenda kusoma bweni kwa masista, kisha chuo cha ualimu, na mwaka 1958 akapangiwa shule ya misheni mjini Mbeya, kwenye mteremko chini ya mlima Loleza. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, viatu vya kamba, na darasa la kwanza lenye watoto waliobanana watatu watatu kwenye madawati. Mwezi haujaisha, sokoni, mwanamke mrefu mwenye mtoto mgongoni akamwita kwa jina. Atuganile alikuwa ameolewa, analima mahindi na njegere kando ya mji, na shule ilimwishia pale pale Mufindi. Walisalimiana vizuri. Walitembeleana mara moja moja, kama watu wanaojuana sana kwa jambo moja ambalo hawalizungumzi. Apolonia alitegemea kumwonea huruma tena. Haikuja. Kila alipomwona yule mwanamke akipima kikombe cha njegere cha mteja, akijaza mpaka zimwagike, alijiona anachunguza kama atakosea.

Mwezi wa saba baba yake alikuja kumtembelea. Alikuwa amezeeka, fimbo sasa ilikuwa ya kutembelea. Apolonia alikuwa amengoja ziara ile tangu alipofika Mbeya. Alitaka amwonyeshe darasa, picha za wanyama alizobandika ukutani, watoto wanavyosimama wote kwa pamoja. Lakini alifika Jumamosi jioni, na neno lake la pili baada ya salamu lilikuwa, "Na Atuganile, humwoni?"

Jumapili baada ya misa Atuganile alikuja na mkungu wa ndizi na maziwa ndani ya kibuyu. Apolonia alipuliza mkaa uani, na kupitia mlango wazi alimsikia baba yake akicheka. Si kutabasamu; kucheka kwa sauti, mpaka kukohoa. Alijaribu kukumbuka lini yeye amewahi kumchekesha hivyo, na mkaa ukazimika.

Jumatatu basi la kwenda Iringa lilikuwa liondoke saa moja. Mkuu wa shule, Mwalimu Sedekia, alimruhusu Apolonia amsindikize mzazi kwanza, mradi awahi kipindi. Atuganile naye alikuja kituoni, mtoto mgongoni. Saa moja ikapita, basi halikuja. Upepo wa mlimani ulikuwa unakata masikio. Watu wakaketi juu ya mizigo yao. Mwalimu Tadeo, amejifunga blanketi, alimgeukia binti yake.

"Darasa lako liko na nani?"

"Bado, Baba. Watakuwa wanakusanyika."

"Ndani?"

Apolonia akaingiza mkono mfukoni. Ufunguo ulikuwa pale. "Nje," akasema.

Baba yake hakusema nenda, hakusema kaa. Aliangalia barabara. Apolonia aliwaona watoto wake jinsi walivyokuwa saa ile, wamejibanza ukutani, mikono makwapani, wengine bila sweta. Akamwona na baba yake, mzee, na hajui atamwona tena lini. Lilikuwapo neno moja tu alilokuwa akilitaka kutoka kwake tangu utoto, na sasa pengine, wakikaa kidogo kwenye baridi hii wao wawili, lingetoka.

"Nenda tu, dada," Atuganile akasema kwa upole, akijisogeza karibu na mzee kumkinga upepo. "Mimi nitakaa na Mwalimu mpaka basi lije."

Hapo wivu ulimrudia Apolonia, ule ule, kama hakuna miaka iliyopita. Angeweza kumsukuma. Angeweza kusema: nenda wewe, huyu ni baba yangu.

Akapiga goti, akampa baba yake mkono. "Safari njema, Baba."

"Haya, Mwalimu," mzee akasema.

Hakujua kama alikuwa anamtania. Hakungoja kujua. Alishika njia ya mlimani, akitembea haraka, na kabla hajafika kwenye kona akawasikia nyuma yake wameanza kucheka tena, wote wawili. Hakugeuka. Mwendo ukawa mbio, viatu vikimgonga visigino, na watoto walipomwona anakuja walitoka ukutani wakamkimbilia, pua zinawatiririka, kila mmoja anataka kushika sketi yake. Alifungua mlango wakaingia wakisukumana. Alifunga madirisha ya upande wa upepo, akachukua chaki, akaanza na hesabu za kutoa. Saa nne ikiwa imepita, alisikia ngurumo ya basi likishuka barabara kuu kuelekea Iringa. Aliisikiliza mpaka ilipopotea, kisha akamwita mtoto wa dawati la nyuma aje ubaoni.